Kugombea Ukubwa wa Chama cha Wafanyakazi

Hutokea katika nyumba zetu kwamba mume au kijana arudi kazini jioni, na kabla hajaketi aeleze kuwa wenziwe wamemtaja awanie ukatibu au uraisi wa chama chao cha wafanyakazi. Nyumba nzima hufurahi. Mama hupiga kigelegele, majirani huja kumpa mkono, na mdogo wake huanza kuhesabu kura za mtaa mzima, hata za watu wasio wanachama. Lakini ni nadra kupatikana mtu wa kumwuliza maswali ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo yaliyostahili kuulizwa mbele ya yote. Daftari la majina ya wanachama limo mikononi mwa nani? Hundi za chama zatiwa sahihi na nani? Gazeti la chama huandikwa kwa amri ya nani? Na siku ya kura, masanduku yatafunguliwa mbele ya nani?

Watu wengi hudhani kwamba kugombea ukubwa ni ufasaha wa maneno na wingi wa marafiki. Hayo yana faida yake, hatukatai. Lakini mtu atakaye kiti ambacho tayari kina mwenyewe hashindani na mtu mmoja tu. Hushindana na nyumba nzima pamoja na funguo zake, makarani wake na mkoba wake. Ili jambo hili lieleweke, twapenda kusimulia habari za uchaguzi wa chama cha wachimba makaa ya mawe huko Marekani, United Mine Workers of America, katika mwaka wa 1969. Tumeuchagua uchaguzi huo kwa sababu mambo yake yalifikishwa mahkamani, yakasemwa kwa kiapo, yakaandikwa, hata leo hapana awezaye kuyaita uvumi wa barazani.

Chama hicho kiliundwa mwaka wa 1890 katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Tangu mwaka wa 1920 hata mwaka wa 1960 kilikuwa chini ya raisi mmoja, John L. Lewis, mtu mwenye sauti nzito na moyo mgumu, ambaye hakuwaogopa wenye migodi wala wakubwa wa serikali. Mwaka wa 1946 aliwapatia wachimbaji jambo kubwa: kwa kila tani ya makaa itolewayo ardhini, mwenye mgodi atie senti 5 katika mfuko wa wachimbaji, na kufikia mwaka wa 1952 senti hizo zilikuwa zimekwisha kuwa 40. Kwa mfuko huo watu waliovunjika migongo walipata kutibiwa, wazee walipata malipo ya uzeeni, na katika mwaka wa 1956 hospitali 10 zilifunguliwa katika milima ya Appalachia, mahali ambapo kabla ya hapo mchimbaji hakuwa na tabibu illa yule wa kampuni.

Basi watu walimpenda Lewis, na kwa mapenzi hayo wakamwachia kila kitu. Chama kilikuwa kimegawanywa katika wilaya, na kila wilaya ilistahili kujichagulia viongozi wake; lakini Lewis alizitia nyingi katika hizo chini ya usimamizi wa makao makuu, akawa yeye ndiye awateuaye wakubwa wake. Wapo watakaosema kwamba mtu kama huyo alistahili kuaminiwa. Huenda ikawa hivyo. Lakini mtu huondoka na kiti hubaki, na funguo alizozikusanya mmoja humwangukia amfuataye, awe mwema au asiwe.

Zilimwangukia W. A. Boyle, mtu wa jimbo la Montana, aliyekuwa msaidizi wa Lewis kwa miaka mingi, naye akawa raisi katika mwaka wa 1963. Hapa twamwomba msomaji atuvumilie kidogo, maana habari za funguo hizo ndizo kiini cha maneno yetu.

Kiongozi wa wilaya aliyeteuliwa na makao makuu hawezi kumpinga aliyemteua, kwani kesho yake atakuwa hana kazi. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1959, iitwayo Landrum-Griffin, ilikuwa imekwisha kuwekea mpaka usimamizi wa namna hiyo, na Wizara ya Kazi ilifungua shauri juu ya chama hiki mwaka wa 1964; lakini hukumu haikupatikana mpaka mwaka wa 1972. Mtoto aliyeanza kusoma alifu siku shauri lilipofunguliwa, siku ya hukumu alikuwa amekwisha kuwa msaidizi wa mwalimu wake. Gazeti la chama nalo, ambalo liliingia katika kila nyumba ya mchimbaji, lilijaa picha za raisi na sifa za raisi. Mshahara wake ulikuwa dola 50,000 kwa mwaka. Nduguye aliongoza wilaya ya Montana, na binti yake alikuwa wakili wa kulipwa wa chama.

Halafu palikuwa na benki. Chama kilikuwa kimenunua sehemu kubwa ya National Bank of Washington, na mamilioni ya dola za mfuko wa wazee yaliwekwa humo katika akaunti isiyoleta hata senti moja ya faida. Msomaji wetu asije akadhani kwamba waliacha riba kwa kumcha Mungu! Benki ilizichukua fedha hizo bure, ikazikopesha kwa watu wengine, ikachuma. Na mwenye benki alikuwa chama, na mwenye chama alikuwa raisi. Jambo hili lilianza katika zama za Lewis mwenyewe, na mwaka wa 1971 jaji wa mahkama ya Washington aliliamulia likomeshwe.

Mambo haya wachimbaji waliyajua nusu nusu, kama vile watu wajuavyo mambo ya nyumba ya jirani. Kilichowaamsha ni mauti. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1968, katika mgodi mmoja karibu na mji mdogo wa Farmington, jimbo la West Virginia, ulitokea mripuko mkubwa chini ya ardhi. Watu 99 walikuwa ndani. Waliotoka hai walikuwa 21, na 78 walikufa. Boyle alifika pale, na ilhali jamaa za watu wale wangali wakingoja habari, alisimama mbele ya waandishi wa magazeti akaisifu kampuni yenye mgodi kwamba ni miongoni mwa kampuni bora katika kushirikiana na chama juu ya usalama. Raisi wa chama cha wafanyakazi ndiye aliyeyatamka maneno hayo. Kama yangalitoka kinywani mwa wakili wa kampuni, hapana ambaye angalistaajabu.

Miezi mitatu baadaye likaja jambo la mapafu. Mtu avutaye vumbi la makaa kwa miaka, vumbi hilo huganda ndani ya mapafu yake yakawa meusi na magumu, na mwisho hupanda ngazi tatu akasimama kutafuta pumzi. Kwa muda mrefu wachimbaji waliambiwa kwamba hiyo ni pumu tu, au ni sigara. Katika mwezi wa Februari 1969 wachimbaji kiasi cha 40,000 wa West Virginia waliacha kazi bila ya idhini ya wakubwa wa chama chao, na hawakurudi mpaka jimbo lilipopitisha sheria ya kuwalipa wenye maradhi hayo. Watu wakauliza: ikiwa haya twayapata bila ya viongozi, viongozi ni wa nini?

Hapo ndipo alipojitokeza Joseph Yablonski, ambaye wachimbaji walimwita Jock. Alizaliwa mwaka wa 1910, mtoto wa mhamiaji kutoka Poland. Aliingia mgodini akali kijana mdogo, na baba yake alikufa kwa ajali ya mgodi. Kwa miaka mingi alikuwa katika Halmashauri Kuu ya chama, na kutoka mwaka wa 1958 aliongoza wilaya ya 5 katika magharibi ya Pennsylvania, mpaka Boyle alipomlazimisha kujiuzulu uongozi huo. Hatumwelezi kama walii. Alikuwa amekula mshahara mzuri wa chama kwa miaka mingi, na alipata kumsifu Boyle hadharani. Siku alipotangaza kugombea uraisi, tarehe 29 Mei 1969 mjini Washington, hakukana kwamba yeye alikuwa mmoja wa uongozi ule ule aliokuwa akiulaumu.

Lakini tazameni alichokitaka, maana hapo ndipo mgombea ajulikanapo. Alitaka wilaya zirudishiwe haki ya kuchagua wakubwa wao. Alitaka kila mwenye ofisi ya chama astaafu akifika umri wa miaka 65, na yeye mwenyewe alikuwa amekaribia 60. Alitaka mambo ya kuajiri ndugu na watoto yakome. Yaani, alikitaka kiti na hapo hapo akitaka kipunguzwe miguu. Mgombea asemaye tu kwamba aliyepo ni mwizi na yeye ni mwaminifu, huyo hajasema kitu. Aliyepo naye alisema hivyo hivyo siku yake. La kuangalia ni kama yuko tayari kutoa funguo mikononi mwake mwenyewe kabla hajazipata.

Hatari aliijua, na aliwahi kusema wazi kwamba watu wale waweza kumwua. Mkewe, Margaret, mwanamke mwenye elimu na mtungaji wa michezo ya kuigiza, aliijua pia. Wanawe wawili wa kiume walikuwa mawakili, nao wakawa pamoja naye katika kazi hiyo.

Kwanza alinyang'anywa cheo alichokuwa nacho katika ofisi ya siasa ya chama. Mahkama ikaamuru arudishiwe. Sheria ya mwaka wa 1959 humpa mgombea haki ya kupelekewa barua zake kwa wanachama wote, yeye akilipa gharama, kwa kuwa daftari la majina li mikononi mwa mpinzani wake. Chama kilikataa, wakili wake, Joseph Rauh, akaenda tena mahkamani, na mahkama ikaamuru zipelekwe. Gazeti la chama likawa haliandiki hata kwamba yuko mtu agombeaye; hilo nalo likapelekwa mahkamani. Msomaji aone jinsi haki zilizoandikwa waziwazi katika kitabu cha sheria zilivyohitaji wakili kila wiki ili zipatikane. Ni wachimbaji wangapi wenye wakili?

Katiba ya chama ilitaka mgombea apendekezwe na matawi 50. Katika matawi mengi jambo hilo lilipingwa kwa vitisho na kwa makelele, na katika mwezi wa Juni, alipokuwa katika mji wa Springfield, jimbo la Illinois, alipigwa nyuma ya shingo akaanguka amezimia. Hata hivyo alipata matawi 96.

Mwezi huo huo wa Juni Lewis alifariki. Ijapokuwa aliacha uraisi mwaka wa 1960, alikuwa amebaki mwenyekiti wa wadhamini wa mfuko wa wazee; sasa Boyle akaingia mahali pake, na kabla mwezi haujaisha malipo ya wazee yalipandishwa kutoka dola 115 hata dola 150 kwa mwezi. Nani atakayelaumu mzee kuongezewa riziki? Ila wazee hao walikuwa na haki ya kura, nao walikuwa makumi ya maelfu. Katiba ilitaka tawi lenye wachimbaji walio kazini wasiofika 10 livunjwe, lakini mamia ya matawi ya wastaafu watupu yaliachwa, na viongozi wa wilaya waliyashika kama mchungaji ashikavyo kundi lake. Mzee wa milimani, ambaye hana akiba wala shamba, alielezwa kwamba Boyle ndiye aliyempa dola 35 zile, na kwamba akija mwingine zitaondoka. Jaji aliyeamua mambo ya mfuko katika mwaka wa 1971 aliona kwamba nyongeza ile ilifanywa kwa haraka ili imfae Boyle katika uchaguzi.

Wakili Rauh alimwomba Waziri wa Kazi, George Shultz, apeleleze mambo haya kabla ya kura. Waziri akajibu kwamba kawaida ya serikali ni kungoja uchaguzi uishe, ndipo malalamiko yasikilizwe. Jibu hili lilikuwa na hoja yake katika karatasi. Lakini twaonaje? Mtu akiona moshi darini kwa jirani, je, angoje moto umalize kazi ndipo apeleke maji?

Kura zilipigwa tarehe 9 Desemba 1969. Baadaye ilithibitishwa mahkamani kwamba pahali pengi kura haikuwa ya siri, kwamba mawakala wa Yablonski walizuiliwa wasitazame, na kwamba fedha na gazeti la chama vilitumiwa kwa faida ya mgombea mmoja. Hesabu iliyotangazwa ilikuwa Boyle 80,577 na Yablonski 46,073. Yablonski hakukubali. Aliomba Wizara ya Kazi iubatilishe uchaguzi.

Tarehe 18 Desemba watu wasiojulikana walikuja nyumbani kwake, katika kijiji cha Clarksville, Pennsylvania, wakasema watafuta kazi ya mgodini. Hakuwaamini. Walipoondoka aliichukua namba ya gari lao, akaiandika katika karatasi akaiweka.

Tarehe 30 Desemba Raisi wa Marekani alitia sahihi sheria mpya ya usalama na afya ya wachimba makaa, sheria iliyotokana na vifo vya Farmington na mapafu meusi. Usiku huo huo, wa kuamkia tarehe 31, watu watatu walikata nyaya za simu za nyumba ya Yablonski, wakaingia wenyewe wamelala. Wakamwua kwa risasi yeye, na mkewe Margaret, na binti yao Charlotte aliyekuwa na umri wa miaka 25. Hapana aliyejua mpaka tarehe 5 Januari 1970, mtoto wao wa kiume Kenneth alipokuja kuwatazama kwa sababu simu haikuitika. Kura aliomba mtu mmoja, na majeneza yaliyotoka nyumbani yalikuwa matatu. Wake na mama wa wagombea hawana jina katika karatasi ya kura, lakini gharama yake huwafikia.

Karatasi yenye namba ya gari ilipatikana mezani. Kabla mwezi wa Januari haujaisha, wauaji watatu walikuwa wamekwisha kukamatwa. Hao walikuwa watu wa kukodiwa tu, na iliyobaki ni kujua fedha zilitoka wapi. Na upelelezi wake ulichukua miaka.

Zilitoka katika hazina ya chama. Zilikuwa dola 20,000. Ziliombwa na wilaya ya 19, iliyo katika Kentucky na Tennessee, kwa ajili ya kamati ya wazee wastaafu iliyoitwa kamati ya utafiti na habari. Wazee wale waliandikiwa hundi, wakazipeleka benki, wakapewa fedha taslimu, wakazirudisha kwa wakubwa wa wilaya, na kwa njia hiyo zikafika kwa wauaji. Katika vitabu kila kitu kilikuwa sawa: ombi lipo, sahihi ipo, hundi ipo, kazi iliyofanywa ni utafiti. Sisi tuliowahi kukaa katika kamati za vyuo na za maziko twajua jinsi watu wachokavyo hesabu zinaposomwa. Mmoja huenda nje kuvuta hewa, mwingine husema tuendelee na ajenda ifuatayo. Pengine msomaji sasa ataona kwa nini karatasi za risiti zastahili kusomwa mpaka mwisho, hata kama chai inapoa.

Mwaka wa 1973 mmoja wa wakubwa wa wilaya hiyo aliungama kwamba amri ilitolewa na Boyle mwenyewe katika makao makuu, tarehe 23 Juni 1969, siku 25 tu baada ya Yablonski kutangaza kugombea. Boyle alihukumiwa kwa mauaji mwaka wa 1974; hukumu hiyo ikatenguliwa, akashitakiwa tena akahukumiwa mwaka wa 1978, naye alikufa mwaka wa 1985 akali mfungwa.

Sasa turudi kwenye uchaguzi, maana haukuisha kwa kifo cha mgombea. Watoto wa Yablonski, wakili Rauh na wachimbaji waliokuwa pamoja naye waliunda kundi katika mwaka wa 1970, wakaliita Miners for Democracy. Wizara ya Kazi, ambayo kwanza ilingoja, sasa ilipeleleza ikafungua shauri. Mchimbaji mmoja miongoni mwao, Mike Trbovich, alitaka naye aingie katika shauri hilo asiiachie serikali peke yake. Alikataliwa, akapanda mpaka Mahkama Kuu kabisa ya Marekani, na mwezi wa Januari 1972 akapewa haki hiyo. Tarehe 1 Mei 1972 Jaji William Bryant aliubatilisha uchaguzi wa mwaka wa 1969 wote.

Yaliyoamriwa kwa uchaguzi wa pili ni kama majibu ya maswali yale tuliyoyauliza mwanzo. Kura zisimamiwe na watu wa Wizara ya Kazi, nao ndio wazihesabu. Gazeti la chama litoe nafasi sawa kwa wagombea wote. Fedha za chama ziangaliwe zisitumike kwa kampeni. Kundi la wachimbaji lilikutana Wheeling, West Virginia, likamchagua Arnold Miller, mchimbaji aliyejeruhiwa vitani na ambaye mapafu yake yalikuwa yameharibika kwa vumbi. Hakuwa msemaji hodari. Kura zikapigwa mwezi wa Desemba 1972: Miller 70,373, Boyle 56,334. Msomaji azitazame pamoja na zile za mwaka wa 1969. Boyle alikuwa amekwisha kuhukumiwa mwaka huo huo kwa kutoa fedha za chama katika siasa kinyume cha sheria, na bado watu zaidi ya 56,000 walimpigia kura. Wengi walikuwa wazee. Hofu ya dola 35 haikwisha kwa hukumu ya jaji.

Miller aliingia akapunguza mshahara wake kutoka dola 50,000 hata 35,000, akauza magari ya fahari ya makao makuu, na wilaya zikarudishiwa kuchagua viongozi wao. Mwaka wa 1974, kwa mara ya kwanza, mkataba wa kazi ulipelekwa kwa wachimbaji wenyewe waupigie kura. Haya ndiyo aliyoyataka Yablonski.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa asali. Miller hakuwa hodari wa kuendesha ofisi. Alishuku washauri wake, wengine wakamwacha, na viongozi wa wilaya, ambao sasa walichaguliwa na watu wao, hawakumwogopa hata kidogo, wakampinga wapendavyo. Katika mgomo wa mwaka wa 1977 na 1978, uliodumu siku 110, wachimbaji waliukataa mkataba aliowaletea, kwa kura ile ile aliyowapa yeye. Kuna waliosema wakati huo kwamba demokrasia imekiharibu chama, na kwamba afadhali zama za Lewis, neno moja na mtu mmoja. Sisi hatuafikiani nao. Kiongozi dhaifu awezaye kukataliwa kwa kura ni balaa ndogo. Wachimbaji walikuwa wamekwisha kuiona kubwa. Lakini mwenye kugombea ni vizuri ajue mapema kwamba akitoa funguo kwa haki, wa kwanza kumfungia mlango huenda akawa yeye.

Miller alijiuzulu kwa ugonjwa mwaka wa 1979, na makamu wake, Sam Church, akashika kiti. Mwaka wa 1982 Church aligombea akiwa ndani ya ofisi, na aliyesimama kumpinga alikuwa Richard Trumka, mchimbaji aliyesomea sheria, mwenye umri wa miaka 33. Trumka alishinda kwa wingi mkubwa. Church akatoa vitu vyake ofisini, na Trumka akaingia.